RISALA NDOGO: MZEE AENDAYE HIJA KWA MIGUU, NA SIKU YAKE YA KWANZA

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu, na kumsalia Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na masahaba zake wote, haya ni maneno machache niliyoyaandika kwa kuwa yaulizwa mara nyingi na wazee wetu wanaojitayarisha kwenda kuhiji, na watoto wao wanaofuatana nao. Nimeyaweka kwa lugha yetu ili asomaye asihitaji kutafsiriwa, na asiyejua kusoma asomewe na mjukuu wake.

SUALI. Mzee wa miaka 70, Mwenyezi Mungu amemruzuku mali ya kumtosha na afya ya kadiri. Amenuia kuhiji mwaka huu, na moyoni mwake ana hamu kubwa ya kwenda kwa miguu kutoka Makka hata Mina, na kutoka Mina hata Arafa, na kurudi vivyo hivyo, kama alivyosikia kuwa wakitenda wazee wa zamani. Je, kufanya hivi ni bora kuliko kupanda? Na ikiwa atashindwa siku ile ya kwanza, afanyeje?

JAWABU. Jua, ndugu yangu, Mwenyezi Mungu akuongoze, ya kuwa suali hili lina mambo mawili ndani yake: hukumu ya sharia, na nguvu za mwili. Wengi huuliza la kwanza, na linalowaangusha njiani ni la pili. Nasi tutaanza na la kwanza.

Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Imamu Shafii wamekhitalifiana katika ubora. Imamu Rafii, aliyefariki mwaka 623 wa Hijra (1226), ameipa nguvu kauli ya kuwa kwenda kwa miguu ni bora, kwani taabu yake ni zaidi. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 (1277), amesahihisha kuwa kupanda ndiko bora, kwa sababu ndivyo alivyohiji Mtume (S.A.W.), na kwa kuwa apandaye hubakiwa na nguvu za kutimiza ibada zake na kuleta dhikri. Na kauli hii ya Nawawi ndiyo inayotegemewa.

Basi mzingatie Mtume wetu. Alihiji mara moja tu baada ya kuhamia Madina, mwaka wa 10 wa Hijra, na umri wake ulikuwa umekwisha kupita miaka 60. Jabir bin Abdillahi, katika khabari ndefu aliyoipokea Muslim, asimulia kuwa Mtume alikuwa juu ya ngamia wake Qaswa, na mbele yake na nyuma yake, kuumeni na kushotoni, walijaa watu kadiri jicho linavyofika, wengine wamepanda na wengine wenda kwa miguu. Hakuwakataza waendao kwa miguu. Wala hakuwaambia waliopanda kuwa thawabu zao zimepungua. Na siku ya Tarwiya, yaani mwezi 8 Mfunguo Tatu, alipoelekea Mina, alipanda. Mzee atakayekwenda Mina juu ya gari siku hiyo asione haya, kwani amefuata nyayo za mbora wa viumbe.

Ama ulazima, jambo ni jepesi zaidi. Mtu aliye mbali na Makka kwa marhala mbili au zaidi, yaani masafa ya kukasiri sala, ambayo hukadiriwa kuwa kilomita 80 na kitu, haimlazimu hija ila apate cha kupanda, ijapokuwa ni kijana mwenye miguu ya chuma. Na sisi watu wa pwani hii, tangu Lamu hata Kilwa, na ndugu zetu wa bara, sote tu mbali kuliko hivyo. Hata yule aliye karibu, kama ni dhaifu hawezi kutembea, hakukalifishwa. Kutoka Makka hata Arafa ni kadiri ya kilomita 20, na hizo nazo zina hukumu ile ile: awezaye atembee, asiyeweza apande. Hapana mtu aliyeandikiwa na sharia kujiburura.

Hapo huja masala ya nadhiri, nayo ndiyo yenye kuwatia wazee wetu katika dhiki. Mtu huugua, akakata tamaa ya maisha, akasema: Mwenyezi Mungu akiniponya, nitahiji kwa miguu. Akapona. Miaka ikapita, na goti likaanza kuuma. Hukumu yake ni hii. Ikiwa wakati alipoweka nadhiri alikuwa aweza kutembea, basi kutembea kumemlazimu katika kauli iliyo dhahiri zaidi. Akiwa amesema, "Nitahiji kwa miguu," kutembea kwake huanza pale anapohirimia, si mlangoni kwake. Na akiwa amesema, "Nitakwenda kwa miguu hata Nyumba ya Mwenyezi Mungu," huanza nyumbani kwake katika kauli iliyo sahihi zaidi; na kwa watu wetu, ambao baina yao na Hijazi ipo bahari, huyo hana budi kupanda kwa udhuru. Kisha, aliyelazimiwa na kutembea akashindwa, akapanda kwa udhuru, hija yake yatosha, na juu yake ni dam, yaani kuchinja mbuzi au kondoo wa sifa za udhuhia katika ardhi ya Haramu. Akipanda bila ya udhuru hija yake yatosha vile vile, na dam juu yake, lakini ameasi. Ama yule ambaye siku aliponadhiri alikuwa tayari hawezi kutembea, kutembea hakumlazimu.

Faida. Mwenye nadhiri ya kwanza, yaani aliyesema atahiji kwa miguu na asitaje nyumbani kwake, akihiji kwa tamatui, hija yake huihirimia Makka. Kwa hivyo kutembea kwake kwaanza Makka, siku ya Tarwiya, na kwaendelea mpaka atahalali mara mbili. Akikwisha kutahalali aweza kupanda akarudi Mina kupiga mawe. Masafa yake yote, Makka hata Mina, Mina hata Arafa, Arafa hata Muzdalifa, Muzdalifa hata Mina, na Mina hata Makka kwa tawafu, hukaribia kilomita 40, yamegawika katika siku tatu. Wala si sharti ayaende mfululizo; apumzike atakavyo, na alale atakapo.

Na khabari za Mtume katika mlango huu ni mashuhuri. Anas amesimulia, nayo imo katika Bukhari na Muslim, kuwa Mtume alimwona mzee akienda baina ya wanawe wawili wamemshika huku na huku. Akauliza ana nini, akaambiwa ameweka nadhiri ya kwenda kwa miguu. Mtume akabainisha kuwa Mwenyezi Mungu hana haja na mtu huyu kujiadhibu nafsi yake, akamwamrisha apande. Na Uqba bin Amir alikuja kumwulizia dada yake aliyenadhiri kwenda kwa miguu hata Nyumba ya Mwenyezi Mungu. Akajibiwa kuwa atembee na apande. Tazama jibu hili la pili lilivyo na hekima: hakukatazwa kutembea, wala hakuachiliwa atembee mpaka aanguke.

Sasa twende kwenye siku yenyewe ya kwanza, maana ndiko kwenye khatari.

Kwenda Mina mwezi 8, na kusali huko adhuhuri na alasiri na magharibi na isha, na kulala, kisha kusali alfajiri, yote haya ni sunna. Mwenye kuyaacha hana dam wala dhambi. Ama kusimama Arafa mwezi 9, ni nguzo. Aliyekosa Arafa amekosa hija. Basi mzee anayemaliza nguvu zake zote mwezi 8, akafika mwezi 9 hajiwezi, amefanya kama mtu aliyeuza nyumba ili anunue mkeka wa kutandika. Na hili si mzaha. Sharti ya kusimama Arafa ni awe mtu miongoni mwa watu wa ibada wakati huo. Aliyelala usingizi muda wote, kusimama kwake kwasihi. Aliyepita njia tu, hata hajui kuwa pale ni Arafa, kwasihi. Lakini aliyezimia, akawa katika kuzimia tangu alipoingizwa, mpaka ikatoka alfajiri ya mwezi 10, kusimama huko hakumtoshi kwa hija ya faradhi. Akizindukana japo kwa muda wa kupepesa jicho, ndani ya ardhi ya Arafa na ndani ya wakati, ambao ni tangu jua lipinduke mwezi 9 hata alfajiri ya mwezi 10, amepata. Yapime haya, mzee wangu: umeweka akiba miaka 30, umeuza minazi, umeaga watu na kutaka radhi, kisha hija yote ikaning'inia juu ya kuzindukana au kutozindukana, kwa sababu ya matembezi ya siku ambayo hukulazimishwa.

Na jua la Makka si la kuchezewa. Mwaka 1445, uliowafikiana na 2024, siku ya Arafa ilikuwa Jumamosi tarehe 15 Juni. Siku mbili baadaye kipimo cha joto katika Msikiti Mtukufu kilifika digrii 51.8. Serikali ya Saudia ilitangaza kuwa waliokufa katika hija hiyo ni watu 1,301, na kuwa 83 katika kila 100 walikuwa hawana kibali, wametembea masafa marefu juani bila ya kivuli wala mahali pa kupumzikia, na baadhi yao walikuwa wazee na wenye maradhi ya siku nyingi. Tuwaombee rehema. Lakini asomaye afahamu kilichotokea: asiye na kibali hana hema, hana gari, hana mahali pa kuingia jua likiwaka. Miguu yake ndiyo kipando chake, hataki asitake. Na wapo watu wanaowauzia wazee safari kama hizi kwa bei nafuu, wakiwaambia kuwa mambo yatakuwa sawa wakifika. Rai yangu ni kuwa mzee apewaye safari bila ya kibali aikatae, hata ikiwa ni ya bure. Usalama wa njia ni katika sharti za uwezo, na huyo hakupewa njia yenye usalama. Kweli, hija hurudi nyuma kadiri ya siku 11 kila mwaka wa jua, na kwa hivyo yatoka katika miezi ile ya joto kali. Asidanganyike mtu kwa hilo. Makka hata nje ya kiangazi yaweza kuwa na jua la kumwangusha mzee.

Basi mzee mwenye hamu, au mwenye nadhiri, aipange siku yake ya kwanza hivi.

Matayarisho yake ni nyumbani, si Makka. Miezi miwili au mitatu kabla ya safari, kila akitoka msikitini baada ya sala ya alfajiri, atembee. Aanze kwa nusu saa, na kila juma azidishe kidogo, mpaka aweze saa mbili bila ya kulala kutwa nzima kwa uchovu. Atembee na ndara zile zile atakazohiji nazo, kwani ndara mpya hutoa malengelenge, na lengelenge la mwezi 8 ni kidonda cha mwezi 10. Na siku moja moja atembee naye amevaa kikoi peke yake bila ya suruali ndani, kama atakavyokuwa katika ihramu, ajue mapaja yake yatachunika au la. Wengi hawalijui hili mpaka wafike Mina, na huko wameona haya kulisema. Dawa yake ni mafuta yasiyo na manukato, apake mapajani na nyayoni. Hapana neno kwa mwenye ihramu kupaka mafuta yasiyo na harufu nzuri mwilini. Kilichokatazwa ni kupaka nywele za kichwa na ndevu. Vile vile kidonda cha mguu akikifunga kitambaa hapana neno.

Kucha za miguu azikate kabla ya kuhirimia, kwani baada ya ihramu hana ruhusa, na ukucha mrefu katika mteremko husukumwa mpaka ukawa mweusi. Ukivunjika wenyewe ukawa wamwudhi, aukate ule uliovunjika, hapana fidia juu yake.

Mwenye maradhi ya sukari ana khabari yake peke yake. Huyo nyayo zake hupungua hisi; aweza kukanyaga lami iliyochomwa na jua akaungua asijue mpaka aone damu. Asiende miguu mitupu hata hatua kumi, na kila akipumzika azitazame nyayo zake, au atazamwe na mwanawe. Na mwenye kutumia dawa za shindikizo la damu, khususan zile za kukojosha, amwendee tabibu wake kabla ya safari amweleze anakokwenda, maana dawa hizo hukausha maji ya mwili. Asiziache kwa rai yake mwenyewe.

Ikifika siku yenyewe, kanuni ya kwanza ni saa. Sunna ni kutoka Makka baada ya alfajiri ili adhuhuri isaliwe Mina, na sunna hii imewafikiana na afya ya mzee. Kutoka Makka hata Mina ni kadiri ya kilomita 7. Mzee aliyejizoeza, akitoka mara baada ya kusali, hufika kabla ya saa tatu na nusu ya asubuhi. Akichelewa, basi likipita saa tatu yuko njiani bado, atafute gari. Akichelewa kutoka mpaka saa nne, asitembee kabisa. Imo katika hadithi ya Abu Huraira, aliyoipokea Bukhari, kuwa Mtume aliwausia watu wasikazane na dini kupita kiasi, bali wajisaidie kwa mwendo wa asubuhi, na wa jioni, na sehemu ya usiku. Haya ameyasema kwa mfano wa ibada zote. Lakini mfano wenyewe wa msafiri ni wa mtu ajuaye jangwa, na mchana wa jua kali haukutajwa humo.

Kanuni ya pili ni mwendo. Siku ya kwanza mwili humdanganya mzee. Ameamka na furaha, ihramu yake nyeupe, watu maelfu na maelfu wanaleta talbiya, vijana wampita kulia na kushoto, naye hujiona ana miaka 30. Hapo ndipo hukaza miguu, na deni hilo hulipwa usiku, na Arafa. Mizani ya mwendo anayo mdomoni mwake: talbiya. Madhali aweza kuileta tangu mwanzo hata mwisho kwa sauti yake ya kawaida asikatikiwe na pumzi, mwendo wake ni sawa. Akiona amekatikiwa katikati, amekwenda mno, na apunguze. Hata kupaza sauti kwa talbiya, ambako ni sunna kwa wanaume, mafakihi wameshurutisha kusiwe kwa kujidhuru. Na Mtume, alipoondoka Arafa akasikia watu nyuma yake wakiwapiga na kuwakemea ngamia, aliwaashiria watulie, akawafahamisha kuwa wema haumo katika kwenda mbio.

Kanuni ya tatu ni kukaa kabla ya kuchoka. Kila nusu saa akae kivulini dakika kumi, anywe maji, ijapokuwa hahisi kiu. Matabibu wamebainisha kuwa kiu ya mzee huchelewa. Mwili umekauka na ulimi haujui bado. Anywe kidogo kidogo mara nyingi, na ale tende mbili tatu. Akitoka jasho jingi, maji matupu hayamtoshi, ataka na chumvi kidogo. Ile dawa ya pakiti ya chumvi na sukari wapewayo watoto wenye kuharisha ni nzuri kwake, ila awe ameuliza tabibu kama ana sukari au shindikizo la damu. Asikae ndani ya njia zile zilizotobolewa milimani, wala katikati ya mkondo wa watu. Mwaka 1990, katika njia moja kama hizo ya waendao kwa miguu, huko Maaisim, watu 1,426 walikufa kwa msongamano. Ataka kupumzika, atoke kwanza nje ya njia hiyo, kisha apishe kando.

Ama kichwa, mwanamume mwenye ihramu hafuniki kichwa chake, lakini mwavuli si kufunika, na hapana fidia ndani yake. Ummul-Huswain amesimulia kuwa aliwaona Usama na Bilali, mmoja ameshika hatamu ya ngamia wa Mtume, na mwingine ameinua nguo yake kumkinga na joto mpaka akapiga mawe Jamratul-Aqaba. Nimesikia baadhi ya wazee wakisema kuwa mwavuli wapunguza ajri ya hija. Hawakupata neno hili katika kitabu. Na mkongojo ni vile vile: auchukue.

Akifika Mina, asitoke tena. Asiende kutembelea mahema ya jamaa, asiende kutazama soko. Alale baada ya adhuhuri, na usiku alale mapema. Afungwe mkononi karatasi yenye namba ya hema lake, kwani mahema ya Mina yapita 100,000, yote meupe, yote ya sura moja, na mzee akitoka usiku kwenda kutawadha hupotea umbali wa kutupa jiwe. Kupotea huko humtembeza zaidi kuliko njia yote ya Makka.

Na asubuhi yake, mwezi 9, ajipime kwa insafu. Kutoka Mina hata Arafa ni kadiri ya kilomita 14, mara mbili ya jana, na huko aendako ndiko kwenye nguzo. Akiwa ameamka na miguu inayotetemeka, au mkojo wake ni mweusi kama chai, au kichwa chamwuma, apande. Yako magari, na tangu mwaka 2010 lipo na gari la moshi baina ya Mina na Muzdalifa na Arafa kwa wenye tikiti zake. Asiye na nadhiri hapotezi chochote. Mwenye nadhiri amepata udhuru, atachinja dam yake, basi. Na asifunge siku hiyo. Kufunga Arafa ni sunna kwa asiyehiji, ama mwenye kuhiji sunna yake ni kula. Ummul-Fadhli alimpelekea Mtume maziwa naye yuko juu ya ngamia wake Arafa, akayanywa watu wanamwona.

Nawe kijana uliyefuatana na baba yako au babu yako, ujue kuwa mzee huona haya. Hatakwambia kuwa amechoka, maana yeye ndiye aliyekubeba wewe mgongoni. Basi usimwulize, "Baba, umechoka?" kwani jawabu lake ni moja siku zote. Mwambie, "Baba, natamani tukae hapa kidogo ninywe maji," nawe uyanywe kweli, usije ukasema uwongo ndani ya ihramu. Mwendo uwe wake, si wako. Wewe uwe nyuma yake nusu hatua, umwone anavyokanyaga. Ukimwona ameacha kutoka jasho na ngozi ina moto, au anajibu maneno yasiyolingana na suali, au anapepesuka, usimsubiri akubali. Mkalishe kivulini, mmwagie maji shingoni na kwapani na mapajani, umpepee, na uite watu wa tiba mara moja. Akiwa hana fahamu zake sawa usimtie maji kinywani. Hapo si mahali pa adabu ya kungoja idhini.

Suali la mwisho alilouliza mmoja wao: ikiwa mzee amejijua tangu nyumbani kuwa miguu haiwezi, je, hija imemwondokea, ampe mwanawe amhijie? Jawabu: la, si kwa hilo tu. Anayehijiwa naye yu hai ni yule asiyeweza kuthubutu juu ya kipando ila kwa mashaka makubwa, na hatarajiwi kupona, kama yule baba wa mwanamke wa kabila la Khathaam, aliyekuja bintiye kumwulizia Mtume katika Hija ya Kuaga, akaruhusiwa kumhijia. Ama mzee awezaye kukaa garini, na awezaye kukaa juu ya kiti cha magurudumu akasukumwa, naye ana mali ya safari na ya ujira wa msukumaji, huyo ni mwenye uwezo, na hija iko juu ya shingo yake mwenyewe. Tawafu yake juu ya kiti yasihi, kwani Mtume alitufu juu ya ngamia, na Ummu Salama alipomlalamikia kuwa ana maradhi, alimwamrisha atufu nyuma ya watu naye amepanda. Sai yake juu ya kiti yasihi. Muzdalifa aondoke baada ya nusu ya usiku, kabla ya msongamano, kama alivyoruhusiwa bibi Sauda kutangulia kwa uzito wa mwili wake. Na kupiga mawe, akishindwa, na udhuru wake hautarajiwi kuondoka kabla ya wakati wa kupiga kwisha, aweza kumwakilisha mwingine, kwa sharti mwakilishi huyo awe amekwisha kujipigia yake kwanza.

Wallahu aalam.